Mayai yanagoma mashineni? Soma dalili kwanza kabla hujagusa kitufe cha joto

Wafugaji wenzangu, malalamiko yanayojirudia ni yale yale: mtu kaweka mayai ya kuku kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, siku ya 21 imefika, ametoka kifaranga mmoja mmoja au hamna kabisa, na kitu cha kwanza anachokimbilia ni kupandisha joto au kujaza maji. Naomba usifanye hivyo. Ukibadilisha mashine bila kujua mayai yalikufa siku gani, mzunguko unaofuata utakuwa na tatizo la zamani na jipya juu yake, na hutajua tena nini kimesababisha nini. Mayai yaliyogoma usiyatupe. Yapasue moja moja, nje ya nyumba, umevaa glavu, angalia kilichomo, maana umri aliofia kifaranga ndo unakuonyesha kosa lilianzia wapi, na mara nyingi utakuta lilianza kabla yai halijaingia mashineni. Ila yai linalonuka au linalotoa majimaji usilipasue, lifunge kwenye mfuko ukalizike.

Vipimo vya kuanzia hivi hapa. Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5 mpaka 37.8. Isiyo na feni joto lipimwe usawa wa juu ya mayai na liwe kama 38.5 hivi, kwa sababu hewa ya moto inapanda juu na chini kunabaki baridi. Unyevu asilimia 50 mpaka 55 kwa siku 18 za mwanzo, alafu 65 mpaka 70 siku 3 za mwisho. Kugeuza kila siku mpaka siku ya 18, baada ya hapo hugeuzi tena.

Na kabla ya yote pima vipimo vyenyewe! Kipimajoto cha mashine kikidanganya hata nyuzi 1, kila utakachosoma huko chini hakitakusaidia. Chukua kipimajoto cha kidijitali cha kupimia homa, weka maji ya uvuguvugu ya kama nyuzi 38 kwenye kikombe, tumbukiza ncha zote mbili pamoja (ncha tu, sio kifaa kizima) na linganisha namba. Cha unyevu nacho kina njia yake, weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko kidogo, idondoshee maji kidogo iwe kama tope, sio iyeyuke, ifungie pamoja na kipima unyevu ndani ya chombo kisichopitisha hewa, acha usiku mzima. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 ujue kinapunguza 7, andika kwenye karatasi ubandike juu ya mashine.

Umemulika siku ya 7 (umelipiga tochi gizani uone ndani), yai ni jeupe tu, halina kitu

Watu wengi hapa wanasema mashine mbovu. Yai likiwa wazi kabisa, hamna mishipa wala doa, mara nyingi halikuwa na mbegu, na mashine haihusiki. Kinachoongoza ni jogoo: wachache kwa mitetea wengi, au mzee, au mnene, au ana miguu mibovu hapandi vizuri. Jogoo 1 kwa mitetea 8 mpaka 10 ni hesabu nzuri. Pia kuna wanaoingiza jogoo leo na keshokutwa wanaanza kukusanya mayai, subiri walau wiki moja, wiki 2 ni bora zaidi. Na ukibadilisha jogoo ujue mbegu za yule wa kwanza zinaweza kukaa ndani ya mtetea wiki 2 na zaidi, kwa hiyo mayai ya mwanzo yanaweza bado kuwa ya yule wa zamani.

Kabla ya kulaumu jogoo vunja mayai mabichi kama 5 ya siku hiyo kwenye sahani, angalia lile doa jeupe juu ya kiini. Lenye mbegu doa lina duara, katikati pamefifia na pembeni kuna pete. Lisilo na mbegu ni kidoa kidogo kilichokolea, hakina umbo linaloeleweka. Mayai mabichi yakionyesha mbegu lakini mashineni yanabaki meupe, basi kiinitete (kifaranga kinachoanza kujengeka) kilikufa mapema mno hata tochi haikioni, nenda kwenye sehemu ya kuhifadhi hapo chini.

Unaona duara jekundu la damu, au kiinitete kimesimama siku za mwanzo

Duara la damu maana yake mbegu ilikuwepo, ukuaji ukaanza, alafu ukakatika ndani ya siku chache za kwanza. Hapa sababu namba moja ni uhifadhi, na nitakaa hapa kwa muda maana ndo panapoua mayai mengi kuliko feni na thamostati (kidhibiti joto) kwa pamoja.

Yai lenye mbegu linapotagwa tayari lina uhai ndani, limeshaanza kukua likiwa tumboni mwa kuku. Likipoa chini ya nyuzi 20 hivi ukuaji unasimama, linalala. Likiwa juu ya hapo, kwa mfano kwenye chumba chenye joto la 27, halilali vizuri wala halikui vizuri, linajikokota, na ukiliweka mashineni baada ya siku 6 za namna hiyo limeshachoka. Joto zuri la kuhifadhi ni nyuzi 13 mpaka 18. Friji ya chakula ya nyuzi 4 ni baridi mno, inaua. Kama huna sehemu ya baridi kiasi hicho, tafuta chumba chenye kivuli muda wote, sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na ufupishe siku za kuhifadhi, ziwe 3 au 4 badala ya 7.

Siku 7 ndo mpaka wangu. Baada ya hapo kutotolewa kunashuka kila siku, na hata yanayofanikiwa yanachelewa, hesabu karibu saa 1 kwa kila siku uliyozidisha. Ukilazimika kufika siku 10 yageuze kila siku hata kabla hayajaingia mashineni, unaweka kitu chini ya upande mmoja wa trei, kesho yake unahamishia upande wa pili, inatosha. Ncha nyembamba ikae chini siku zote. Na pale unapohifadhia pasiwe pakavu sana wala penye upepo mkali, maana yai linapoteza maji kupitia ganda kuanzia siku lilipotagwa.

Sababu zinazofuata baada ya uhifadhi:

- Mayai yamekaa kwenye kiota mchana kutwa, kila kuku anayeingia kutaga anayapasha joto, yanaanza kukua alafu yanapoa. Kusanya mara 3 au 4 kwa siku, wakati wa joto zaidi ya hapo.
- Yametoka kwenye baridi yakaingizwa mashineni moja kwa moja, ganda likatoka jasho, na jasho linaingiza bakteria kupitia vitundu vya ganda. Yaache kwenye joto la kawaida la chumba saa 6 mpaka 12 kwanza.
- Yamesafirishwa barabara mbovu. Yalaze kwanza saa 12 mpaka 24, ncha nyembamba chini, bila kuguswa.
- Joto la mashine lilipanda siku za mwanzo. Kiinitete kinavumilia baridi kidogo kuliko kinavyovumilia moto, kwa hiyo washa mashine siku nzima kabla ya kuweka mayai uhakikishe imetulia.

Yamekufa katikati, siku ya 8 mpaka ya 17

Ukipasua unakuta macho meusi, labda manyoya kidogo, mwili mdogo. Kundi hili kwa kawaida huwa dogo, likiwa kubwa anza na swali jepesi: mayai yaligeuzwa kweli? Trei ya otomatiki inaweza kuunguruma bila kusogea, mota imechoka au jino limekatika, na wewe unaamini inageuza. Chora alama ya X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, urudi baada ya saa chache uone. Kwa wanaogeuza kwa mkono, iwe mara 3 au 5 kwa siku, namba isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolaliwa usiku huu usiwe ule ule kesho. Wiki ya kwanza ndo usilegeze kabisa.

Kama kugeuza kuko sawa angalia chakula cha kuku wazazi. Chakula cha kuku wa mayai kimetengenezwa ili kuku atage, hakina vitamini za kutosha za kujenga kifaranga. Upungufu wa vitamini B2 una alama yake, manyoya yanakuwa na vifundo, hayanyooki, na vidole vya miguu vimejikunja kwa ndani. Ukiona hivyo kwenye mayai kadhaa, mashine iache kama ilivyo, badilisha chakula cha wazazi au uwape vitamini kwenye maji, na mayai utakayokusanya wiki chache zijazo ndo yatakuonyesha tofauti.

Vifaranga wamekamilika kabisa, wamefia ndani siku ya 19 mpaka 21

Hii ndo inaumiza kuliko zote, manyoya yapo, mdomo upo, kila kitu, na hakutoka. Watu wanasema unyevu mdogo wakati wa kutoka na wanamwaga maji zaidi, na nusu ya wakati wanafanya tatizo kuwa kubwa. Angalia chumba cha hewa (ile nafasi tupu upande wa ncha nene ya yai) na hali ya kifaranga:

Chumba cha hewa kidogo, kifaranga amevimba, ana majimaji mengi, wakati mwingine ute umemgandia puani: unyevu ulikuwa MKUBWA siku 18 za mwanzo. Yai halikupoteza maji ya kutosha, akikosa nafasi ya kuvuta pumzi ya kwanza anazama. Hapa ukiongeza maji unaua zaidi.

Chumba cha hewa kikubwa mno, ngozi nyeupe ya ndani imekauka ikambana kama plastiki: unyevu ulikuwa mdogo, au ulifungua mashine siku za mwisho kuchungulia. Kila ukifungua unyevu unatoka wote kwa sekunde chache na kurudi kunachukua muda mrefu. Siku ya 18 weka maji, funga, acha.

Kama huwezi kuamua kwa macho tumia mizani ya jikoni. Yai linatakiwa lipoteze karibu asilimia 12 ya uzito wake hadi siku ya 18. Yai la gramu 60 linapoteza gramu 7.2, yaani gramu 0.4 kwa siku. Pima trei nzima, ni rahisi zaidi: mayai 30 ya gramu 60 ni gramu 1800, siku ya 7 yawe karibu 1716, siku ya 18 karibu 1584 (toa uzito wa trei yenyewe). Yakiwa mazito kuliko hapo punguza maji, yakiwa mepesi ongeza. Na kumbuka kinachopandisha unyevu ni upana wa maji, sio kina, kwa hiyo kisahani kipana kinashinda kikombe kirefu. Maji yawe ya uvuguvugu.

Mizani ikiwa sawa na bado wanafia ndani, sababu zinazobaki ni hizi. Hewa, kwanza: kifaranga anayekaribia kutoka anavuta oksijeni nyingi, na matundu uliyoyaziba ili kulinda unyevu yanamnyonga. Fungua matundu siku ya 18, yasizibwe. Pili joto la siku za mwisho, mayai yenye vifaranga waliokua yanatoa joto lao wenyewe, mashine iliyokuwa 37.6 wiki ya kwanza inaweza kuwa 38.5 wiki ya tatu bila wewe kugusa chochote, kwa hiyo iangalie. Tatu, kifaranga kakaa vibaya, kichwa kiko upande wa ncha nyembamba, na hiyo inatokea zaidi mayai yakiwekwa ncha nyembamba juu. Mmoja mmoja ni kawaida, wengi ujue ni uwekaji.

Ametoboa ganda alafu kasimama

Subiri. Kutoboa kitundu cha kwanza sio kuanza kutoka, anapumzika, anavuta damu iliyobaki kwenye mishipa na kumalizia kiini kiingie tumboni, na anaweza kukaa hivyo mpaka saa 24. Anayemsaidia saa ya 5 anamkata mishipa ambayo bado ina damu na kifaranga anakufa mkononi.

Saa 24 zikipita hakuna maendeleo, bado analia, na ngozi imekauka rangi ya kahawia, hapo unaweza kumsaidia kidogo kidogo, pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, vipande vidogo vya ganda upande wa chumba cha hewa tu. Ukiona tone la damu simama hapo hapo, mrudishe mashineni, saa kadhaa zipite. Ukiona kiini cha njano bado kiko nje, mwache kabisa.

Wametoka siku ya 19, au siku ya 23, au kwa kupishana

Mapema, wadogo, kitovu hakijafunga vizuri: joto lilikuwa juu. Walichelewa, wanene, wamelegea: joto lilikuwa chini, au mayai yalikaa ghalani muda mrefu. Rekebisha nusu nyuzi tu kwa mzunguko, usiruke nyuzi 2 kwa hasira.

Wanaotoka kwa kupishana siku 2 au 3 mara nyingi ni kwa sababu mayai ya siku 1 yaliwekwa pamoja na ya siku 9, au makubwa na madogo mno pamoja. Kama umri ni mmoja basi mashine ina kona za moto na kona za baridi, weka vipimajoto pembe tofauti, na angalia feni imejaa vumbi au inazunguka pole pole. Aliyetangulia kutoka asikufanye ufungue mlango, ana kiini tumboni, anaweza kukaa siku 2 bila kula.

Miguu imepanuka kama anateleza

Sakafu ya trei ni laini, hana pa kukamatia. Weka kitambaa chenye mikwaruzo au wavu wa plastiki, sio gazeti. Aliyeshaharibika mfunge miguu kwa bandeji laini, iwe umbali wa kawaida wa kusimama, siku ile ile ya kwanza. Ukichelewa wiki hainyooki tena.

Yai linanuka, limepasuka ndani ya mashine, vifaranga wana kitovu kibichi na tumbo gumu

Hizi naziweka pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja, bakteria. Mayai machafu ndo sababu ya kwanza, kinyesi kimekauka juu ya ganda, na ya pili ni kuyaosha! Yai likitagwa lina utando mwembamba unaoziba vitundu, ukiosha unautoa, na maji ya baridi yanafanya kilichomo ndani kisinyae na kuvuta uchafu kuingia. Machafu sana usiweke mashineni, yenye doa dogo kwangua kwa kitu kikavu. Badilisha malalo ya viota, na mashine ioshwe kwa sabuni kila mzunguko ukiisha, uchafu utoke wote kwanza ndipo dawa ya kuua vijidudu ipite, alafu ikauke kabisa.

Tahadhari mbili. Usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hewa inayotoka inaumiza mapafu. Na ule moshi wa kuua vijidudu wa formalini na pamanganeti ambao watu wanaelekezana, usijaribu nyumbani, formalini ni sumu na inahusishwa na saratani, hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa na chumba chake.

Baada ya kushika vifaranga au mayai viza osha mikono kwa sabuni, watoto wadogo wasiwabusu vifaranga, salmonela (bakteria wa kuharisha) haionekani kwa macho.

Umeme umekatika

Usifungue. Mashine iliyofungwa inashika joto saa kadhaa, na mayai ya wiki za mwanzo yanavumilia kupoa kuliko watu wanavyodhani. Funika kwa blanketi lakini acha matundu ya hewa wazi, hasa mayai yakiwa yamepita siku ya 14, hayo yanahitaji hewa na yanatoa joto. Ikizidi saa kadhaa weka chupa za maji ya moto pembeni. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa HAPANA, hewa yake inaua mayai na inaua watu waliolala humo. Umeme ukirudi usipandishe joto ili kufidia, endelea kama kawaida, mulika baada ya siku 3 au 4, yaliyo hai yataonekana, na kutoka kunaweza kuchelewa kidogo.

Hapa acha, mwite mtu wa kazi hiyo

Fundi umeme: ukigusa mashine unasikia mtetemo wa shoti, kuna harufu ya plastiki kuungua, waya umelainika, au joto linaendelea kupanda hata ukishusha kitufe (hapo swichi inayokata umeme huenda imeng'ang'ania). Chomoa kwenye soketi kwanza, usikague ikiwa imewashwa na kuna maji ndani.

Daktari wa mifugo: vifaranga wanakufa kwa wingi wiki ya kwanza, matumbo yanavimba na kunuka, au kuku wazazi wameshuka utagaji ghafla, wanakohoa, mayai yana maganda laini au yamepinda. Usianze kununua antibayotiki kwa kubahatisha, utapoteza hela na kuficha ugonjwa. Mpelekee vifaranga waliokufa siku hiyo hiyo na mayai machache yaliyogoma, kwenye mifuko miwili moja ndani ya nyingine, juu ya barafu lakini yasigande, na karatasi yenye tarehe uliyoweka mayai, yalitoka kwa nani, yalihifadhiwa siku ngapi, na joto na unyevu ulioandika kila siku.